Ziwa Victoria: samaki wamepungua, au wavuvi tumezidi?

#1 Mwana wa Ukara
Wakuu, salaam.

Nimetoka visiwani wiki iliyopita na kuna swali linanisumbua. Mwaloni kwetu mitumbwi imejaa mpaka hakuna pa kuvutia mwingine. Ukichelewa kufika unafunga wako kwenye wa mwenzako, naye kafunga kwenye wa mwenzake, na yule wa mwisho anateremsha mzigo maji yakiwa kifuani. Sasa subiri jioni, wote wale wanalia kilio kimoja: ziwa halina kitu.

Viongozi wanasema ni nyavu haramu. Wazee wanasema sangara ndiye aliyewamaliza wenzake. Vijana wanasema viwanda. Mimi naona jibu jepesi kabisa, kwamba tumekuwa wengi kuliko ziwa linavyoweza kubeba. Mnaojua mambo ya maji, tupeni maelezo. Na tafadhali, vyama viacheni nje ya uzi huu.

#2 Kokoro Kubwa
Ukishakataza vyama umemaliza nusu ya wachangiaji. Nimekaa mbele, endeleeni.

#3 Mzee wa Migonzo
Mimi niko kwenye maji tangu enzi sangara anakatwa kwa shoka mwaloni. Tulikuwa tunatega migonzo, zile kamba ndefu za ndoano nyingi, kwa ndoano namba 8 na 9, na samaki mmoja anabebwa na watu wawili. Leo ukiteremka na ndoano hizo unarudi na chambo chako kama ulivyokwenda nacho. Vijana wanatega ndogo zaidi, namba 12 na 13, wanaleta sangara wa kulala kwenye kiganja. Huyo hajazaa hata mara moja.

Na chambo chenyewe kinatoka wapi? Furu, wale samaki wadogo wa asili wa ziwa, na kambale wadogo, wanakombwa huko kwenye matete, wanatiwa kwenye ndoo ya maji ili wafike wakiwa hai. Kwa hiyo tunavua watoto ili tukavue watoto wengine. Mtoa mada, usiseme ni wingi wa watu peke yake. Ni zana.

#4 Mwalimu Pensheni
Niweke takwimu ili tusibishane hewani. Kenya, Uganda na Tanzania hufanya sensa ya uvuvi kupitia Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria (LVFO), lililoanzishwa 1994, makao yake Jinja. Sensa ya 2000 ilikuta wavuvi kama 129,000 na vyombo kama 42,000. Baadaye idadi ya wavuvi ikapita 200,000. Ziwa lina kilomita za mraba zipatazo 68,800, na hizo haziongezeki. Gawanyeni wenyewe.

#5 Tochi ya Kijani
Nimegawanya, mwalimu. Kila mvuvi anapata hekta 34. Hilo ni shamba kubwa kuliko la ukoo wangu mzima. Msongamano uko wapi?

#6 Mzee wa Migonzo
Tochi, wewe unavua kwa kikokotoo. Samaki hakutawanyika sawasawa kwenye hekta zako. Kila mvuvi anajua mwamba upi na ghuba ipi, na wote tunaelekea huko huko usiku ule ule. Mtu wa sangara anaunganisha nyavu moja baada ya nyingine, zinakwenda mbali kuliko taa yake inavyofika, halafu upepo unazisukuma. Zako zinaelea juu ya za mwenzako, zinajisokota. Alfajiri mnakutana wawili kwenye fundo moja, kila mmoja ana kisu, na kila mmoja anasema kata zako. Ukiwa mpole unarudi na nusu ya wavu.

Na hapo sijataja wanaozunguka na mashua ya kasi kuiba injini. Kisiwa kikiwa na watu wengi, hata mwizi anajua pa kwenda.

#7 Mama Kayabo
Mnajadili wavuvi tu kama vile samaki wanajinunua. Mimi ni mchuuzi, nitawaambia ya upande huu.

Sangara mdogo kiwandani hapokelewi, kule anapimwa. Anakuja kwetu. Tunampasua, tunamtia chumvi, tunamwanika, anakuwa kayabo na anavuka kwenda Kongo. Soko halijawahi kumkataa. Niambieni, mvuvi aliyelala majini usiku kucha, mafuta ya mkopo, atamrudisha majini samaki ambaye mimi nimesimama ufukweni na hela mkononi?

Halafu kuna bondo, kile kibofu cha hewa cha tumboni mwa sangara. Zamani tulikuwa tunatupia ndege. Leo mtu anamnunua sangara huku anamtazama tumboni, kwa sababu bondo linakwenda hadi China na Hong Kong na bei yake nyama haiisogelei. Samaki mkubwa mwenye mayai ndiye anayesakwa kuliko wote. Hilo nalo mliweke kwenye hesabu.

#8 Kokoro Kubwa
Kuna anayekumbuka rula ya Bungeni 2018? Samaki wa wabunge walipimwa mgahawani, kwenye sahani. Tangu siku ile nikila sato wa kukaanga natazama mlangoni kwanza.

#9 Mwalimu Pensheni
Kokoro, ile haikuwa mzaha kwa wavuvi. Mwaka huo ndio ulikuwa wa Operesheni Sangara, msako wa serikali dhidi ya uvuvi haramu, nyavu zilichomwa hadharani mialo mingi. Kipimo kilichokuwa kinasimamiwa ni kwamba sangara wa chini ya sentimita 50 haruhusiwi. Uganda walikwenda mbali zaidi, wakaingiza jeshi ziwani 2017. Na ni kweli kwamba baada ya misako hiyo watu wengi walisema sangara wameonekana tena.

#10 Daktari wa Furu
Mwalimu, hapo kwenye sentimita 50 pana tatizo ambalo halisemwi. Dume la sangara linakomaa likiwa karibu na urefu huo. Jike linachelewa, wengi wao wanazaa wakishapita sentimita 70 hivi. Kwa hiyo ukimruhusu samaki kuanzia 50 unakuwa umewalinda madume na kuwakamata majike kabla hawajazaa. Ndiyo maana nchi tatu zilikubaliana pia kikomo cha juu, sentimita 85, ili mama wakubwa wenye mayai mengi waachwe. Ukisoma alichoandika Mama Kayabo kuhusu bondo utaona kikomo hicho kina hali gani.

Lakini nataka kuwapinga wote, akiwemo mtoa mada. Mavuno ya ziwa zima yako karibu na tani milioni 1 kwa mwaka. Hayajaporomoka. Kilichobadilika ni aina: sehemu kubwa ya uzito huo sasa ni dagaa, ambaye anakomaa ndani ya mwaka mmoja na anajaza nafasi haraka. Kuna wataalamu wanaosema kinacholisumbua ziwa zaidi ya nyavu ni rutuba iliyozidi. Mbolea, maji taka ya miji, udongo wa mashamba, vyote vinashuka. Mwani unaota, unakufa, unazama, unakula hewa yote ya chini. Sangara anahitaji hewa nyingi, anasukumwa juu na pembeni, na huko ndiko mliko ninyi na nyavu zenu.

#11 Mzee wa Migonzo
Daktari, hiyo tani milioni 1 igawe kwa wale watu wa mwalimu. Ziwa linaweza lisipungue, na mimi nikapungukiwa.

#12 Mwana wa Ukara
Nakazia #11. Hilo ndilo nililokuwa natafuta namna ya kulisema.

#13 Bichi ya Homa
Hamjambo ndugu zetu wa Tanzania. Mimi ni wa Homa Bay. Nyinyi mnalia na mna karibu nusu ya ziwa. Sisi Kenya tuna asilimia 6 tu, na vijana wa kuvua hawahesabiki. Ghuba ya Winam ina mdomo mwembamba, maji hayazunguki vizuri, magugu maji yakisukumwa na upepo yanafunga ufuo mzima na mashua hazitoki. Hiyo siku hakuna mbuta (sangara wenu), hakuna omena (dagaa wenu), hakuna chochote. Magugu yalionekana ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980, wakaletwa wadudu wa kuyala, yakapungua, lakini hayajawahi kuisha.

Sasa kijana akifuata samaki kwa maji mazuri anajikuta amevuka mpaka bila kujua. Mpaka wa majini hauna ukuta. Anakamatwa, mashua inazuiliwa, injini inazuiliwa, familia inachangisha. Mukisema watu ni wengi, sisi tunaulizana watu waende wapi.

#14 Kokoro Kubwa
Waende Migingo, kile kisiwa kidogo cha mawe ziwani. Nasikia kuna nafasi ya kusimama kwa mguu mmoja.

#15 Bichi ya Homa
Migingo ukikohoa jirani anasema pole kabla hujamaliza 😂 Na bado samaki wako pale, ndiyo sababu hakuna anayetoka.

#16 Mwisho wa Reli
Poleni na majukumu. Huku Kigoma sisi tulishapita kwenye kubishana, ziwa likafungwa. Kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 hakukuwa na kuvua Ziwa Tanganyika, kwa makubaliano ya nchi nne: sisi, Burundi, Kongo na Zambia. Kabla ya hapo watu walisema haiwezekani, watu watakufa njaa. Hawakufa, ila walikonda.

Lilipofunguliwa, kipe (chombo cha kuvulia dagaa kwa taa) tulichoingia nacho siku za kwanza kilitoa dagaa ambao sikuwaona muda mrefu, na migebuka ilikuwa na unene. Nasema nilichokiona. Ninyi wa Victoria mna dagaa wa kuvua mwaka mzima, mnapumzika mwezi ukiwa mkubwa tu kwa sababu taa hazivuti. Fungeni, muone.

#17 Mama Kayabo
Mwisho wa Reli, na wavuvi wenu walikwenda wapi miezi hiyo? Kambi ninayonunulia ilipokea vijana kutoka upande wenu, na begi lao na ufundi wao wa taa. Mlipumzisha ziwa lenu kwa kulichosha la wenzenu.

#18 Mwisho wa Reli
Mama, siwezi kumfunga mtu kamba asisafiri. Wengine walikwenda Rukwa, wengine walilima, wengine walicheza bao. Na hiyo si sababu ya kutofunga. Ni sababu ya kufunga yote kwa pamoja.

#19 Tochi ya Kijani
Kufunga Victoria yote kwa pamoja, nchi tatu, watu 200,000 na wachuuzi wao, viwanda, madereva wa magari ya barafu. Nani atakwenda kuwaambia? Mimi nitamshikia koti.

#20 Daktari wa Furu
Mwisho wa Reli, sipingi ulichokiona, ila kuwa mwangalifu na sababu. Dagaa wa Tanganyika wana misimu yao. Kati ya Mei na Agosti unavuma upepo wa kusini, na huo ndio unaosaidia kupandisha virutubisho kutoka chini. Ziwa lenu lina kina cha mita 1,470, chakula kingi kimelala huko chini. Kwa hiyo Agosti mngeweza kuona samaki wengi hata bila kufunga. Na kuna tafiti tangu 2003 zinazoonyesha kwamba maji ya juu yakipata joto, yanakaa juu kama mafuta na hayachanganyiki na ya chini. Virutubisho havipandi, chakula cha dagaa kinapungua. Hapo hata mkiwafukuza wavuvi wote, samaki hawatarudi walivyokuwa.

#21 Mwisho wa Reli
Joto halijawahi kukamatwa na kokoro, ule wavu haramu wa kukokota, mkononi. Na huo upepo ulikuwepo mwaka wa kabla yake na sikuona dagaa hao.

#22 Mwalimu Pensheni
Ngoja niwape kitu cha kuwapunguzia hasira. Mabishano haya yana umri mkubwa kuliko nchi zetu. Nyavu za kutega za kizungu ziliingia Ghuba ya Winam 1905. Hazikupita hata miaka 20, watu wakaanza kulia kwamba ngege, sato wa asili, wamepungua kwenye wavu. Serikali ya kikoloni ikamleta mtaalamu, Michael Graham, akafanya utafiti wa ziwa zima 1927 na 1928, akapendekeza wavu wa chini ya inchi 5 upigwe marufuku. Ikawekwa sheria, watu wakaikwepa, na kufikia miaka ya 1950 Uganda na Tanganyika (Tanzania Bara ya leo) zikaona zimeshindwa, zikaiondoa. Katika miaka hiyo hiyo sangara akapandikizwa. Alipolipuka miaka ya 1980 alikula furu wa mamia ya aina, wengi wao hawajaonekana tena.

Kwa hiyo swali la wavu liliulizwa na mababu zetu, na jibu walilopata ni samaki mwingine mkubwa wa kuwala wale wadogo.

#23 Kokoro Kubwa
Mwalimu umeanza kwa kusema unatupunguzia hasira.

#24 Sina Mtumbwi
Nimesoma wote. Wenye mitumbwi mmeongea, wachuuzi wameongea, wasomi wameongea. Mimi ni kibarua, ninayevuta kamba.

Baba yangu alilima pamba. Shamba tukagawana ndugu, changu ni kidogo mno, hakilimiki. Ziwani sikuja kwa kulipenda. Kwetu hesabu ni hivi: tukipata, kwanza yanatolewa mafuta, betri, chakula cha kambini. Kinachobaki tajiri anachukua nusu, nusu nyingine tunagawana wote tulioingia majini. Tukikosa, mafuta yanaandikwa deni, na deni halina likizo.

Tulikuwa na nyavu halali za inchi 6. Zikaibiwa. Tajiri akakopa akanunua timba, zile za kuunganishwa kwenda chini, kwa sababu zinajaza haraka na anadaiwa. Doria ikaja ikazichukua, zikachomwa, na ilikuwa halali yao. Akakopa tena. Safari hii akaleta zenye macho madogo zaidi, maana sasa analipa madeni mawili. Mimi siku ya kuchomwa nilikuwa nimesimama pale, nikajua kabisa kinachofuata, na ofisi ile iliyochoma haikuuliza. Sitetei haramu. Nawaambia inavyozaliwa.

#25 Mzee wa Migonzo
Kijana umesema kweli, ila kuna matajiri ambao hawadaiwi na mtu na wanavua kokoro kwa tamaa tu. Hao nawajua kwa nyumba zao. Usiwafunike na shida yako.

#26 Sina Mtumbwi
Sijawafunika, mzee. Ila wao kokoro lao huwa linarudi jioni. La kwetu ndilo linaloungua.

#27 Bwana Vizimba
Mbona hakuna anayetaja ufugaji? Serikali inatoa mikopo isiyo na riba ya vizimba vya kufugia samaki ziwani, na 2024 Rais alikabidhi boti na vizimba hapo Mwanza. Kizimba hakikimbizani na mtu, hakikati nyavu za mwenzako, sato unajua atakomaa lini. Watu wahamie huko, ziwa lipumue.

#28 Bichi ya Homa
Bwana Vizimba, sisi tulianza vizimba kabla yenu. Mwishoni mwa 2022 samaki wa vizimba walikufa kwa wingi upande wa Kisumu, maji ya chini yasiyo na hewa yakapanda juu. Wale wa porini wanakimbia, wa kwenye kizimba atakimbilia wapi? Mtu aliamka asubuhi akakuta mkopo wake unaelea.

Na chakula cha hao samaki kinatengenezwa na nini? Omena. Si yote, lakini kwa wingi. Unapunguza wavuvi wa mbuta, unaongeza wavuvi wa omena.

#29 Mama Kayabo
Hapo nimempenda Mkenya. Dagaa wanaogombewa na wenye kuku, wenye vizimba na sisi wa kula, sisi wa kula huwa tunapewa wale wenye mchanga.

#30 Bwana Vizimba
Samaki wa vizimba wanakufa vizimba vikiwekwa sehemu yenye kina kifupi na vikibanana. Kuna vipimo vya kina na mkondo wa maji. Wakifuata vipimo hayo hayatokei.

#31 Tochi ya Kijani
Kwa hiyo na vizimba navyo vinabanana. Mtoa mada njoo uone, msongamano umehamia hata kwa samaki.

#32 Mwana wa Ukara
Nipo, nasoma. Asanteni kwa michango. Sina Mtumbwi, nakuuliza wewe: ukipewa kizimba leo, utaingia?

#33 Sina Mtumbwi
Nitaingia. Lakini mkopo wanataka kikundi kilichosajiliwa, na kikundi cha mwaloni kwetu mwenyekiti wake ni tajiri. Mimi nitalisha samaki wake badala ya kuvuta kamba yake. Angalau nitalala usiku.

#34 Mzee wa Migonzo
Usiku gani? Kizimba kinalindwa usiku. Wezi wa injini wameshajifunza kufungua nyavu za vizimba, na sato waliokomaa wanahamishwa saa moja tu.

#35 Kokoro Kubwa
Mzee, hao wezi wanasajili vikundi wapi? Naulizia kwa niaba ya rafiki.

#36 Mwisho wa Reli
Narudi kwa Daktari, sijamalizana naye. Mwaka ziwa likifungwa tena nitaandika kila kipe tunachotoa wiki za kwanza, na upepo nitauandika. Wewe andika joto lako. Tutakutana humu Agosti.

#37 Daktari wa Furu
Sawa. Ila andika na mwaka ambao halikufungwa, la sivyo hatuna cha kulinganisha. Na dagaa uwatenganishe na migebuka, migebuka inakula dagaa. Wakiongezeka wote kwa pamoja nitakuwa na maswali.